Prosesa si ndizi, haivundikwi

Jumatatu nimemkuta tena kijana wa ofisini kaiacha kompyuta inapiga Prime95, programu ya kuikamua prosesa kwa hesabu nzito, tangu Ijumaa, volti juu, eti "anaivundika prosesa ilainike, kloki (kasi yake) ipande." Wadogo zangu, nawapenda, ila ugonjwa huu niliuugua kabla hamjajua kushika mausi.

1. Kuvundika kupo, lakini ni kwa kiwandani. Chipu hupigwa joto na volti ya juu ili zenye kasoro zife kabla hazijakufikia. Zinazobaki hazijawa bora, zimenusurika tu. Ukirudia nyumbani unamla umri wake.

2. Joto likishuka baada ya siku kadhaa, hiyo ni pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza chake. Watengenezaji wa pesti ya Arctic Silver 5 wenyewe wanasema inataka hadi saa 200 kukaa sawa. Sifa za pesti msimpe prosesa.

3. Volti. Hapa niacheni nitubu. Mwaka 2003 binamu yangu alikuwa na stesheneri yenye mashine moja, prosesa yake Pentium 4, toleo la Northwood, ya 1.6 GHz, volti 1.5. Akaniachia niitoe vumbi. Mimi nikapandisha FSB, mapigo ya msingi yanayozidishwa kupata kasi ya prosesa, kutoka MHz 100 hadi 133, nikapata 2.13 GHz, nikaipa volti 1.75 na kuivundika siku tatu, usiku na mchana. Ikapita! Nikatamba mtaa mzima. Wiki ya pili Prime95 ikaanza kulia kuwa hesabu zinakosewa: 0.5 mahali palipotakiwa chini ya 0.4. Nikaongeza hadi 1.8, ikatulia siku nne. Ikawa kama mlevi, ya jana haimtoshi leo. Mwisho hata ile 1.6 GHz ya kuzaliwa nayo ikaishinda: feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Kumbe umeme mwingi pamoja na joto husogeza atomi za shaba kwenye nyaya za ndani, na transista zikichoka hudai volti zaidi ndipo ziwake. Wenzangu waliokwisha kuua Northwood zao kwa zaidi ya 1.7 walikuwa hata wameshaupa msiba huo jina. Binamu aliponiuliza, nikasingizia umeme.

4. MemTest86 kwanza, programu ya kupima RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Nusu ya "prosesa mbovu" mnazoniletea ni RAM.

5. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, uandike daftarini. Langu la mwaka ule ukurasa wa mwisho una 1.85, halafu karatasi tupu. Binamu naye alikopa akanunua stabilaiza, na mpaka leo iko chini ya meza yake. Nikienda kutoa kopi hataki hela yangu.