Masuali kwa Bi Mwalimu: Maneno wanayajua, habari hawaielewi

SUALI
Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mie kijana wa Fuoni, nimemaliza diploma ya ualimu na hivi sasa nasomesha tuisheni ndugu wawili wa Kichina, kaka ana miaka 16 na dada yake 14, wazee wao wapo kikazi hapa Unguja. Maneno ya Kiingereza wanayajua wallahi kunipita mimi, ukimtajia neno anakupa maana hapo hapo, grama nayo wako vizuri, lakini nikiwapa kifungu cha ufahamu cha ukurasa mmoja, wakimaliza nikiwauliza haya hii habari inahusu nini, kimya, wananiangalia tu. Nimeshawapa vifungu kama 20 vya mitihani vile vya kuchagua A B C D, wanapata tano kwa kumi, sita wakijitahidi. Juzi mama yao kaniuliza kwa upole tu tatizo nini na sikuwa na la kumjibu, nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Nifanyeje?
Mwalimu wa tuisheni, Fuoni

JAWABU
Waalaykumu salaam mwanangu. Usinyong'onyee, kwa sababu jawabu umeshaliandika mwenyewe: maneno wanayo, habari hawanayo. Maana yake hawajakosa msamiati, wamekosa kusoma, na hivi ni vitu viwili tofauti.

Fikiri wametokea wapi. Kwao China toka mwaka 2001 serikali ilielekeza Kiingereza kianze darasa la tatu, na mbele yao kuna mtihani mkubwa wa kuingilia vyuo vikuu, wanauita gaokao, kwa kawaida unakuwa mwezi wa Juni, na sehemu nyingi za nchi Kiingereza peke yake kina alama 150 kati ya 750. Mtoto wa namna hiyo analelewa na orodha za maneno, anazikariri kuanzia A, na vifungu anavichambua neno neno kama mtu anayetoa miba kwenye samaki, akimaliza ana rundo la miba lakini samaki hajamla. Na wewe umemuongezea vifungu 20 vya aina ile ile. Sikulaumu, wengi tunafanya hivyo, lakini mtihani unapima tu, haumfundishi mtu kusoma.

Kabla ya yote hebu hakikisha kama kweli hawaelewi. Mtoto anaweza kuwa ameelewa ila mdomo wa kusimulia kwa Kiingereza ndio hana. Wewe una bahati wako wawili. Mpe kaka aya mbili za mwanzo, mpe dada mbili za mwisho, kila mmoja asome peke yake halafu amsimulie mwenziwe kwa Kichina, ndio kwa Kichina, wala usiogope kwamba wewe huelewi, kisha aliyesikia ndiye akwambie wewe kwa Kiingereza cha kuvunja vunja. Wakiweza hapo jua kusoma wanajua, kinachotakiwa ni kuzungumza. Wakikwama hapo hapo kwenye Kichina chao basi shida iko kwenye kusoma kwenyewe. Na acha kabisa kuuliza "mmeelewa?", watakwambia ndio kila siku, kama sisi tulivyokuwa tukimwambia mwalimu ndio na huku hatujaelewa kitu.

Sasa kwenye kusoma kwenyewe. Kuna vitu wewe huvioni kwa sababu Kiswahili kimekusaidia bila ya kujijua. Chukua sentensi hii, "Mvuvi aliyemuuzia shangazi samaki jana ameenda Kizimkazi." Sisi tunamtaja mvuvi kwanza halafu ndio tunamueleza mvuvi gani, na Kiingereza ni hivyo hivyo. Kichina kinageuza, maelezo yote yanatangulia, ya jana na shangazi na samaki, halafu mwisho ndio anatokea huyo mvuvi. Kwa hiyo mtoto wako akikutana na sentensi ndefu ya Kiingereza anamkuta mvuvi mwanzoni, yanamwagika maelezo baada yake, na mpaka akifika kwenye kitendo chenyewe cha kwenda Kizimkazi ameshasahau nani aliyekwenda. Mpe penseli. Apige mstari chini ya mtendaji, apige mstari chini ya kitendo kikuu, yale ya katikati ayafunge kwenye kiduara ayaache kwanza. Asome "mvuvi ameenda Kizimkazi", akishaipata hiyo ndio afungue kiduara. Fanyeni sentensi tatu tu kwa siku, zile ndefu, msifanye kifungu kizima watachoka bure.

Na nyakati je? Sisi tuna li, na, ta, me, tumezaliwa nazo. Kichina kitendo hakibadiliki, kula ni "chi" tu, jana chi, kesho chi, wakati unajulikana kwa neno jengine kama jana au kesho au kwa kiambajengo kidogo pembeni. Basi jicho la mtoto linapita juu ya mwisho wa kitendo cha Kiingereza bila kushtuka, na habari ikisema abiria alikuwa ameshaondoka boti ilipofika, yeye kichwani anaona abiria anapanda boti. Andika matukio ya habari kwenye vikaratasi, changanya, wapange kipi kilitangulia. Utaona wenyewe wanarudi kwenye kifungu kutafuta ushahidi, na huko kurudi ndio kusoma kwenyewe.

Halafu viwakilishi. Mie nikikwambia "kimeanguka" unajua sisemei embe, nasemea kitabu au kikombe, ile ki inakuonyesha njia. Kiingereza kila kitu ni "it", kitabu "it", embe "it", na mara nyengine wazo zima la aya iliyopita nalo "it". Waambie wachore mshale kutoka kila "it" na "this" na "they" mpaka kwa mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na kwa niliowasomesha mimi makosa mengi ya A B C D yalikuwa yanatokea hapa, siyo kwenye maneno magumu.

Lakini kubwa kuliko yote haya, na hili nakuomba ulishike mwanangu hata ukiyasahau mengine, wape vitu vyepesi wasome vingi. Watafiti wawili, Hu na Nation, waliandika mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kuyajua kama maneno 98 katika kila 100 ndio asome peke yake na aelewe sawa sawa. Yaani mageni mawili tu kwa mia! Hebu kaa nao uhesabu kwenye vile vifungu vyako vya mitihani, halafu usihesabu kwa kuuliza unalijua neno hili, uliza lina maana gani HAPA. Kwa sababu watakwambia "book" ni kitabu, na ndio, lakini kwenye kifungu mtu anakata nafasi ya boti. "Address" watakwambia anwani, na kwenye kifungu waziri anashughulikia tatizo. Wafundishe kwa neno letu "kupiga", maana wanaishi hapa na Kiswahili wanakiokota: kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi, nani kapigwa hapo? Wakicheka wameelewa kwamba neno halina maana moja ya kukariri, linapewa maana na majirani zake.

Kwa hiyo tafuta vile vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, anza ngazi ambayo wao wenyewe watasema hii ya kitoto, sawa, wasome tu, nusu saa kila siku bila kamusi na bila maswali. Wakimaliza kimoja wachukue chengine. Mama yao anaweza kuona huu mchezo, mueleze mapema kwamba mtoto anayesimama kila neno kutafsiri hafiki mwisho wa sentensi na mwanzo wake bado anaukumbuka, inabidi apate mbio kwanza, na mbio zinapatikana kwenye kilicho chepesi.

Na wape habari za vitu wanavyovijua. Kifungu cha mchezo wa besiboli wa Marekani kitamshinda hata mwenye Kiingereza kizuri kama hajauona mchezo wenyewe. Hapa kwetu maandishi ya Kiingereza ya watalii yamejaa tele, habari za kima punju wa Jozani, karafuu za Pemba, wachukue wasome halafu muende Jozani mkawaone. Au wape habari za Zheng He, nahodha wa zamani wa kwao ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na yule twiga aliyetolewa Malindi akapelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Zheng He wanamjua toka skuli kwao, basi nusu ya habari wanayo kichwani kabla hawajafungua ukurasa, Kiingereza kinakuja kuungana na kitu kilichopo.

Mama yao mwambie miezi mitatu. Usimuahidi wiki mbili.

SUALI
Bi Mwalimu, jirani yangu ni mtu mzima wa Kichina, anasoma magazeti ya Kiingereza vizuri tu lakini kwenye namba kubwa anakosea kila mara, laki tatu anaifanya elfu thelathini. Ni macho?
Msomaji wa Mkoani, Pemba

JAWABU
Siyo macho ndugu yangu. Kichina kinahesabu kwa "wan" ambayo ni 10,000, kwa hiyo 300,000 kwake ni wan thelathini, na Kiingereza kinamwambia elfu mia tatu, ndio kichwa kinapogongana. Wewe mfundishe kwa laki yetu, maana na sisi tuna neno la peke yake ambalo Waingereza hawana, atakuelewa upesi. Mwambie akikutana na namba gazetini aiandike kwa tarakimu pembeni kabla ya kuendelea na habari.

SUALI
Shikamoo Bi Mwalimu. Chuoni kwetu kuna dada wa Kichina tunasoma nae, kila tukipewa makala ya Kiingereza anaielekezea simu inatafsiri ukurasa mzima anasoma kwa Kichina. Nimwambie aache?
Mwanafunzi, Chake Chake

JAWABU
Marahaba mwanangu. Usimwambie aache, ana mitihani na anataka kufaulu kama wewe. Mwambie ageuze mpango: asome aya moja ya Kiingereza kwanza bila simu, aandike pembeni sentensi moja kwa Kichina anavyodhani inasema nini, halafu ndio simu imsahihishe. Pale alipokosea akuoneshe, mkae muangalie pamoja ni neno gani au ni mpangilio gani uliompoteza. Na wewe jaribu kufanya hivyo hivyo kwa Kiswahili, usije ukafikiri ni shida ya Wachina peke yao.