Mdogo wako akikabidhiwa manowari

Simu iliingia usiku, ndiyo kwanza natoka zamu hospitalini. "Dada," akasema mdogo wangu, "nimechaguliwa. Nitapewa meli." Nilipiga kigelegele palepale kwenye maegesho ya magari mpaka watu wakageuka. Moyoni nilijiambia kazi yangu kama dada mkubwa imekwisha: tumemlea, amesoma, amefika. Baadaye nilikuja kuona kwamba usiku ule ndipo kazi yetu sisi nduguze ilipoanza, na sikuwa na mtu wa kunielekeza. Ndiyo sababu naandika haya. Zipo familia nyingine za Waswahili huku Marekani zenye vijana katika jeshi la majini, na siku moja simu kama ile itaingia kwao.

Sisi ni watu wa Mombasa, upande wa Likoni. Tulipokuwa wadogo tukivuka feri, yeye alikuwa akining'inia kwenye vyuma kutazama meli za kijivu za jeshi letu kule Mtongwe, na mimi nikimvuta kwa ukosi asianguke. Baba alipata bahati nasibu ya viza miaka ya 1990, tukahamia huku. Kijana akajiunga na mafunzo ya uofisa akiwa chuo kikuu, akaapishwa, akazunguka bahari zote kwa zaidi ya miaka 16 kabla ya kufikiriwa kupewa meli. Jina lake siliandiki hapa, wala jina la meli. Sababu mtaiona mbele.

Kwa utaratibu wa manowari za aina yake, aliyechaguliwa haingii moja kwa moja kuwa nahodha. Huanza kama naibu, muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, kisha hupanda cheo hukohuko melini. Sisi hatukulijua hilo. Shangazi zangu walikuwa wameanza kushona nguo za sherehe, na mjomba mmoja akahisi tumemdanganya. Kwa hiyo ndugu yako akikupa habari, muulize taratibu: ni lini hasa, na kabla ya hapo anakwenda kufanya nini? Mwaka ule wa unaibu humchosha mtu. Yeye ndiye anayehangaika na usafi, nidhamu, ratiba na malalamiko ya watu wote, huku akijifunza meli kutoka omo hadi tezi. Ukimpigia akakujibu kwa neno moja, usimnunie.

Jitahidi pia kuijua meli yenyewe. Mimi sikuwa na habari, nikidhani manowari ni manowari tu. Yake ni ya daraja la Arleigh Burke. Ya kwanza ya aina hiyo iliingizwa kazini Norfolk tarehe 4 Julai 1991, na amiri ambaye meli ilipewa jina lake alikuwapo, hai, akiiona. Ina urefu wa mita 155 hivi, sawa na kiwanja cha mpira na nusu. Inasukumwa na tabo nne za gesi, jamaa ya injini za ndege kubwa za abiria, na inakwenda kasi ya zaidi ya noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Sitahani, chini ya vifuniko vya chuma vilivyopangwa kama vigae, kuna matundu 96 ya makombora. Rada zake kuu hazizunguki kama zile tulizozoea kuziona. Ni vibao bapa vilivyobandikwa kuta nne za mnara, vikitazama kila upande kwa wakati mmoja.

Lakini kilichonisaidia zaidi kumwelewa mdogo wangu ni hesabu ya watu. Ndani wamo zaidi ya 300, na wengi ni vijana wa miaka 19, 20, 22. Yuko anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, yuko aliyefiwa na mama wiki iliyopita, yuko ambaye mkewe anajifungua kesho. Wote wanamtazama yeye. Nilipolielewa hilo nikaacha kumuuliza kwa nini hakupiga simu siku ya Idi.

Sasa sherehe ya makabidhiano. Fanya kila uwezalo ufike, na umfikishe mzazi kama yu hai, lakini jipange mapema. Kituo cha jeshi hakiingiliki kama ukumbi wa harusi. Majina hupelekwa kabla, na kwa mgeni asiye raia ni kabla sana. Shangazi yetu alitoka Mombasa kwa viza ya matembezi, na tulikaribia kumwacha getini kwa sababu tulichelewa kupeleka nakala ya pasipoti yake. Mvisheni mzee viatu visivyo na kisigino. Ngazi za ndani ya meli zimesimama karibu wima, na kila mlango una kizingiti cha chuma cha kugonga ugoko. Mama alikuwa amejiandalia dera refu la kupendeza, nikamwomba alivae jioni nyumbani. Chukueni maji na miwani ya jua, maana mnaweza kukaa saa nzima juani, gatini au kwenye sitaha ya helikopta.

Sherehe yenyewe ni fupi kuliko nilivyotarajia. Filimbi ya serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, inalia, kengele inagongwa, na hapo ndipo nilipoanza kulia. Nahodha wa meli akipanda melini hatangazwi kwa jina lake. Wanataja jina la meli, kisha: inawasili. Mtu na chombo wamekuwa kitu kimoja. Baada ya dua na hotuba, yule anayeondoka anasoma amri yake, mdogo wangu akasoma yake, wakasimama uso kwa uso, wakapigiana saluti. Mmoja akasema maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: "Napokea zamu yako." Mwenzake akajibu: "Zamu yangu imepokelewa." Ni yaleyale wanayoambiana mabaharia wawili wakipokezana usukani usiku wa manane. Basi. Kwa sentensi hizo mbili meli, watu 300 na kila litakalowapata vikahamia kwake.

Mama ndiye aliyembandika ile beji ndogo yenye nyota na nanga, kifuani upande wa kulia. Hukaa kulia wakati mtu anashika uongozi, na akishamaliza huhamia kushoto. Mikono ya Mama ilikuwa ikitetemeka, kijana akainama ili amfikie, kama anavyoinama kumbusu mkono akija nyumbani.

Nawaomba mumtazame pia yule anayeondoka. Sisi tulikuwa tumejaa furaha zetu, karibu tumsahau. Ile kengele iliyokuwa ikigongwa kwa jina la meli sasa inagongwa kwa cheo chake tu, ofisa wa jeshi la majini anayeondoka, naye anashuka ngazi katikati ya mabaharia waliojipanga pande mbili. Mkewe alikuwa amesimama gatini peke yake. Mama alikwenda kumshika mikono, hawana hata lugha moja ya kuzungumza vizuri, wakasimama hivyo kwa muda.

Usiku ule Mama aliniuliza alilokuwa akiliogopa: meli ikipata ajali, yeye atahukumiwa? Nikamweleza ya Fitzgerald, kwa sababu sikutaka alisikie kwa watu. Tarehe 17 Juni 2017, karibu na Japani, manowari hiyo ya daraja hilohilo iligongana na meli ya makontena usiku. Mabaharia saba walikufa. Nahodha alikuwa amelala, na walioshika zamu hawakumwita kama maagizo yalivyotaka. Chumba chake ndicho kilichobondeka, naye akaokolewa akiwa ameumia. Hata hivyo aliondolewa madarakani. Miezi miwili baadaye, John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia kumi wakafa, na nahodha wake naye akaondolewa. Kanuni za jeshi lao zinasema dhima ya nahodha ni kamili. Hakuna "sikuwapo", hakuna "nililala". Nahodha akiondolewa, tangazo hutoka hadharani kwamba wakubwa wake wamepoteza imani naye katika uongozi, na ulimwengu mzima husoma.

Mama alinyamaza, kisha akasema, "Basi tusimwongezee." Neno hilo ndilo nililolishika mpaka leo.

Tusimwongezee. Kwetu sisi, aliyefanikiwa ndiye kisima cha ukoo. Mchango wa harusi ni yeye, karo ni yeye, kesi ya kiwanja ni yeye, na ugomvi wa binamu wawili lazima aamue yeye. Jioni baharini nahodha huandika maagizo ya usiku kwa wanaoshika zamu: meli ikitusogelea kwa umbali fulani mniamshe, upepo ukibadilika mniamshe. Simu iko ubavuni mwa kitanda, na huamshwa mara nyingi kabla ya alfajiri. Asubuhi akifungua barua pepe akute kumi za ukoo, zote zinadai jibu? Tulikaa kikao cha familia, tukakubaliana kwamba kwa muda wote wa uongozi wake mambo ya ukoo yanapitia kwangu na kwa kaka yetu mkubwa. Anayopaswa kujua, kama msiba au ugonjwa wa Mama, anajulishwa kwa njia iliyopangwa. Mengine yanamalizwa nchi kavu. Wapo walionuna. Kaka yetu aliwajibu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na yule tayari anacho chombo chake.

La pili, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Wiki chache baada ya sherehe niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu zaidi ya 80 kuanzia Mombasa hadi Maskat: "Mwombeeni nahodha wetu, anaondoka Jumanne." Nilidhani naomba dua. Binamu mmoja akaipeleka Facebook pamoja na picha ya meli. Wifi yangu alinipigia, sauti yake imekauka. Siku ya meli kuondoka, inakokwenda na siku ya kurudi havisemwi. Hata familia za mabaharia wa vyeo vya chini, mabinti wa miaka 20 wenye watoto wachanga, wamefundishwa kufunga midomo, na dada wa nahodha ndiye aliyetoboa. Oktoba 2000 manowari Cole, nyingine ya daraja hilihili, ilishambuliwa kwa boti iliyojaa milipuko ikiwa inajaza mafuta Aden. Waliuawa mabaharia 17. Aden, ambako wengi wetu tuna ndugu. Nilifuta ujumbe, nikampigia kila mmoja aliyeupeleka mbele, nikamwomba radhi wifi yangu. Tangu hapo tunasema "yuko kazini", na swali linaishia hapo. Picha ya sherehe unaweza kuiweka, kwanza uliza. Tarehe, kamwe.

Nimemtaja wifi, na ningependa kumzungumzia zaidi, kwa sababu pongezi zote huenda kwa mwenye sare. Mume akipewa meli, mke hupewa simu. Rasmi kuna mjumbe wa familia anayeteuliwa na nahodha, mtu wa kujitolea, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1970 na Amiri Zumwalt, mkuu wa jeshi la majini wakati huo, ili habari kati ya meli na nyumbani zipite kwa uaminifu. Hata hivyo wake wa mabaharia humtazama pia mke wa nahodha. Uvumi ukizuka wanamuuliza yeye, naye hajui zaidi yao, na akijua hawezi kusema. Ana watoto wawili, ana kazi yake, na usiku nyumba ni kimya. Usimpigie kumuuliza "mmesikia nini huko?" Nenda. Mimi huendesha saa tatu na nusu, mara moja kwa mwezi, na sufuria ya pilau kiti cha nyuma. Nawapeleka watoto mazoezini ili alale mchana. Mara ya kwanza alilala saa tano mfululizo, akaamka ameona haya. Nikamwambia alale tena.

Wengi huniuliza kama sioni uchungu, sisi watu wa pwani, kijana wetu kushika chombo cha makombora. Naona. Namwombea asije akalazimika kuyatumia, na namwombea pia yule aliye upande wa pili wa bahari. Lakini nakumbuka Aprili 2009, meli ya mizigo Maersk Alabama ilipotekwa ikielekea Mombasa, ikiwa na shehena ya chakula cha msaada. Iliyokwenda kumwokoa nahodha wake ni Bainbridge, manowari ya daraja hili. Meli ya mizigo ilipoingia bandarini kwetu, jirani zetu walikuwa gatini. Kazi hiyo nayo ni ya manowari, na huwa nawaeleza watoto wake habari hiyo wakiniuliza baba yao anafanya nini huko.

Mwisho ni vifurushi. Meli hupata barua kupitia posta ya jeshi, na kifurushi huweza kuchukua wiki nyingi, hivyo usitie kitu cha kuoza wala kuyeyuka. Safari ya kwanza nilimpelekea kashata na mabuyu ya Mama, pakiti moja moja, nikidhani ni zake. Akaniandikia mistari miwili: alikuwa amevipeleka juu kwenye usukani saa nane usiku, zamu ikagawana, mabuyu yakawapaka midomo wekundu wote hadi asubuhi. Akauliza kama Mama anaweza kutengeneza ya watu 30. Mama amekwisha kununua ndoo.