Jibu kwa aliyeuliza kama utafiti wa magonjwa ya mlipuko ni kazi ya kudumu

Ndugu, umeeleza kwamba unamaliza shahada ya baiolojia na unavutiwa na virusi, ila unahofia mambo mawili: kwamba mtafiti wa magonjwa ya mlipuko hukumbukwa ugonjwa unapozuka tu, na kwamba Mwafrika katika kazi hii huishia kukusanya damu ili wengine waichunguze ng'ambo. Nilifanya kazi maabara huko Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, nami nitajibu kwa niliyoyaona.

Hofu yako ya pili ina msingi. Mwaka 1976 Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amerudi Kinshasa na shahada ya uzamivu ya virolojia (elimu ya virusi) kutoka Leuven, alitumwa Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo kilichokumbwa na ugonjwa uliokuwa haujajulikana bado, ambao baadaye uliitwa Ebola; huko alitoa damu wagonjwa bila glavu na kuona mahali alipochoma sindano pakiendelea kuvuja. Alimshawishi mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa asafiri naye hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwa sababu nchini hapakuwa na maabara ya kuitambua. Walikufa watu 280 kati ya 318 waliougua, na kwa miaka mingi sifa za ugunduzi wa virusi hivyo ziliwaendea waliopokea sampuli kuliko yeye aliyezitoa.

Hata hivyo, hakuacha. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 kati yao wakanusurika. Wanasayansi wengi hawakuridhika kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa kanuni za utafiti pingamizi hilo lilikuwa la haki. Lakini njia haikufungwa: miaka kadhaa baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, watafiti wa Marekani wakishirikiana na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Kinshasa iliyokuwa chini ya uongozi wa Muyembe, walipata kingamwili (protini ya mwili inayopambana na virusi) iitwayo mAb114. Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu kwa wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, safari hii kwa kulinganisha makundi ipasavyo. Waliopewa mAb114 walikufa kwa asilimia 35, waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5, ilhali kwa dawa mbili zilizobaki, ZMapp na remdesivir, ilikuwa karibu nusu au zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kukuambia kwamba kazi hii ni ya kudumu: swali lililoulizwa Kikwit, kama kinga ya walionusurika yaweza kuwatibu wengine, lilijibiwa miaka zaidi ya ishirini baadaye, na waliolijibu walikuwa wamefanya kazi katika miaka ambayo hapakuwa na mlipuko wowote wa kutangazwa.

Sisi maabara tulikuwa na kazi ya kila siku isiyo na sifa. Sampuli ilifika, tukaua virusi vyake ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye glavu, tukaiweka kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya virusi, na jibu likatoka siku ileile. Kilichonifundisha zaidi ni wale ambao jibu lao la kwanza lilikuwa hasi. Siku za mwanzo za ugonjwa virusi huwa vichache mno katika damu, hivyo kipimo hurudiwa baada ya saa 48, na ndugu wa mgonjwa, waliokwisha kusikia kwamba hana Ebola, walitaka kuondoka naye. Mama mmoja alimuuliza daktari kama watu wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na mlipuko, wanauza damu. Swali lile lilistahili jibu kamili, na alipoelezwa kwa Kiswahili chake, bila haraka, kwa nini tunapima mara mbili, alikubali kusubiri. Naamini mtafiti asiyeweza kutoa maelezo hayo bado hajaufahamu utafiti wake mwenyewe.

Kuhusu sampuli kusafirishwa, mambo yamebadilika, ingawa si kwa kiasi ninachokitamani. Wataalamu wa INRB walisoma wenyewe vinasaba vya virusi humu nchini, na kwa njia hiyo ikagundulika kwamba mgonjwa mmoja aliyekwisha kupona aliugua tena baada ya miezi, na kutoka kwake ukatokea mnyororo wa wagonjwa 91. Bila maabara ya nyumbani, jambo hilo lingejulikana kwa kuchelewa.

Sitakuficha kwamba mikataba ni mifupi na mishahara huchelewa. Jifunze takwimu kwa bidii kuliko unavyodhani inahitajika, jifunze Kifaransa ikiwa unafikiria Kongo, na utafute taasisi inayofuatilia walionusurika na wanyama wa porini hata pasipo na mlipuko. Kabla hujatia saini, uliza sampuli zitahifadhiwa wapi, nani ataamua zitumikeje, na jina lako litakaa wapi katika makala itakayochapishwa. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, omba kwingine.