Kindi hawaonekani shambani: wameisha au wamejificha?

Mkuu, umesema tangu mvua zianze huoni kindi shambani kwako, na unahisi jirani kawamaliza kwa mitego. Kabla hujagombana naye, nikueleze yaliyonikuta huku Muheza.

Shamba langu la minazi na miembe limepakana na kichaka, na huu ni mwaka wa nne nawahesabu kindi, ambao wengine huwaita kuchakuro. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika kila ninayemwona. Masika ilipofika idadi ikaporomoka, nikahuzunika kweli. Kumbe majani yamefunga! Kiangazi wakaanza kuonekana tena matawini.

Toka hapo nakaa pale pale, saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi, mara mbili kwa wiki, na kuandika wengi zaidi niliowaona kwa pamoja. Ukijumlisha kila anayepita, kindi mmoja utamhesabu mara tano. Halafu linganisha masika na masika, kiangazi na kiangazi.

Usiwachanganye pia. Mwenye tumbo na mkia mwekundu, kitaalamu Paraxerus palliatus, ni wa ukanda wa pwani kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na anapenda vichaka vilivyoshonana. Mwingine ni mkubwa kidogo, mkia una mapete, Heliosciurus undulatus. Hata Unguja na Mafia yupo. Kwangu huyu wa mapete hajapungua. Wekundu ndio wanaoniumiza moyo: walikuwa watano, wamebaki wawili, tangu kichaka cha upande wa kisima kifyekwe na kuchomwa ili ipandwe michungwa. Siku ya tatu baada ya moto nilimkuta mmoja juu ya kisiki cheusi, anapigapiga mkia na kulia ule mlio wake wa kukwaruza, hana mti wa kukimbilia. Na huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mara moja, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Upande wangu nimeacha ukanda wa kichaka, upana hatua kumi, kutoka mpakani hadi kisimani. Sasa umeanza kufunga. Juzi chini ya mwembe ulio mwisho wa ukanda huo nimeokota kokwa mbili zilizotafunwa, bado mbichi, alama za meno zimepangana ukingoni. Sijamwona mwenyewe. Kesho alfajiri nahamishia kigoda changu huko.