Hakika ni deni

Mwanangu Somoe,

Salamu nimezipata, na hela ya salfa pia. Mikorosho itapuliziwa kwa wakati.

Umeniuliza, mkuu wako wa kazi akitaka kujua una uhakika kiasi gani na ripoti yako, umjibu vipi bila kuonekana hujui kazi. Mambo ya ripoti siyajui. Najua nilichomfanyia bibi yako mwaka 2019.

Siku ile ya kimbunga Kenneth, Alhamisi tarehe 25 Aprili, redio ilisema kimbunga kinaweza kutufikia Mtwara. Kinaweza. Mimi nikaenda Msimbati na bodaboda mbili nikamwambia mama, "Kinapiga hapa leo usiku." Nikaapa. Akatoka kimya, tetea kamfunga miguu, kampakata ndani ya kanga. Kinu akakiegemeza mlangoni, kama mlinzi.

Kesho yake, sikukuu ya Muungano, tukarudi. Nyumba ipo, kinu kipo. Kimbunga kilitua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, kikaua watu huko kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wazee wa barazani wakaniuliza, "Mwalimu, kimepitia wapi?" Mpaka leo upepo ukivuma kidogo tu, naulizwa.

Basi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, nikampigia bibi yako. "Hicho chako, kipokee wewe," akakata simu. Mvua zile zilikata barabara kule Somanga, na yeye kalala kwake Msimbati. Mimi ndiye niliyekesha.

Ndiyo maana siku zote nawaambia, hakika ni deni. Ukiitamka utadaiwa.

Lakini ningesema "huenda", angetoka? Namjua yule. Angeniuliza huenda inapikwa na nini. Na kimbunga chenyewe kilipita jirani tu, si uongo. Redio haikukosea, chumvi niliitia mimi. Niliitia kwa mapenzi, nadhani. Mama yako anasema ni ualimu: miaka thelathini ya vema na kosa, katikati hakuna kitu.

Hapa nilikuwa nimeshakuandikia cha kumjibu mkuu wako, nikakifuta. Wewe ndiye unayemjua. Ila jiulize akishalisikia neno lako atafanya nini nalo, maana mimi sikujiuliza. Hakika ni deni, Somoe, na mwenzio bado nalipa.

Bibi anakusalimu. Anauliza kama Dodoma nako kuna upepo.

Baba yako