Namaliza diploma ya unesi, ajira siioni, wakala anataka milioni mbili. Mama auze kiwanja?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Mbeya, nasoma diploma ya uuguzi na ukunga, imebaki miezi michache nimalize. Dada sina amani kabisa, waliomaliza miaka miwili mitatu nyuma bado wako mtaani, wengine wanajitolea bila hata nauli, mmoja kafungua kibanda cha kutoa na kuweka hela kwenye simu. Sasa kuna wakala kaingia kwenye grupu letu la WhatsApp anasema anapeleka watu Uingereza, unaanza na kutunza wazee halafu ukishafika ndo unabadilisha unakuwa nesi. Anataka milioni mbili za kuanzia na mama yuko tayari kuuza kiwanja. Nimwambie auze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kiwanja kisiuzwe, mpigie mama leo leo umwambie.

Hiyo njia anayokuuzia ilishafungwa, Uingereza iliacha kupokea maombi mapya ya viza ya kutunza wazee kwa walioko nje ya nchi tangu tarehe 22 Julai 2025. Halafu Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inaifuata hiyo orodha, maana yake mawakala hawatakiwi kuja kusomba manesi huku kwetu. Wewe mwenyewe ukiomba kazi moja kwa moja hospitali ya kule hakuna anayekukataza. Na sheria yao hairuhusu wakala kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi, kwa hiyo hizo milioni mbili peke yake zinatosha kukuonyesha ni mtu wa aina gani.

Hili la upungufu linaniuma sana. Unaingia wodi ya wazazi usiku unakuta nesi mmoja, huyu anasukuma mtoto, yule drip imeisha, wa tatu anavuja damu, na huku nje vijana wenye vyeti wamekaa tu. Wagonjwa wapo na manesi wapo, ila vibali vya ajira na hela ya mishahara ndo vinakuja kwa mafungu. Kwa hiyo ukikosa awamu ya kwanza usijione hufai, akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, iwe imekamilika muda wote, vyeti vyote vimepandishwa, maana tangazo likitoka siku za kuomba ni chache na watu wanakosa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa tu.

Sasa twende kwenye kujitolea, hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kwanza pata usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, usijitolee miezi na miezi bila leseni. Pili, siku ya kwanza kabisa omba barua ya kupokelewa, yenye tarehe, jina la wodi na cheo chako, na ukiondoka omba nyingine. Kwa sababu ukitaka Saudia, Oman au Dubai, nyaraka zako zinapelekwa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, na hao wanaandikia chuo, wanaandikia baraza, wanaandikia ulipofanya kazi, wanauliza huyu mtu mnamjua? Na waajiri wengi kule wanataka uzoefu wa miaka miwili hivi. Sasa umejitolea muda wote huo, matroni aliyekupokea kahamishwa, jina lako halipo popote, inakuwa kama hukufanya kazi kabisa. Hiyo hiyo barua inakusaidia pia kwenye hospitali binafsi na za mashirika ya dini hapa nchini.

Logbuku yako ya mafunzo kwa vitendo itunze kama roho. Marekani wanaangalia umesoma na kufanya masaa mangapi wodi ya watu wazima, watoto, wazazi na afya ya akili kabla hujafikiria NCLEX, mtihani wao wa leseni ya unesi. Na kama unadaiwa ada, hela ya kwanza utakayopata ikalipe hilo deni, chuo kikikushikia cheti hakuna kinachoendelea, huku wala huko.

Kwa Uingereza njia halali ni leseni ya hapa, Kiingereza, mtihani wa CBT wa kwenye kompyuta wenye hesabu za dozi na maswali ya uuguzi, halafu ukifika kule unafanya OSCE ya vitendo. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, kuandika 6.5. Usikimbilie kuufanya sasa hivi, majibu yake yanadumu miaka miwili tu, ila kujifunza anza hata leo.

SWALI: Dada, Ujerumani je? Nasikia hawataki IELTS.

JIBU: Ni kweli, wao wanataka Kijerumani, na si cha kusalimiana. Nesi ili utambulike kamili kwa kawaida ni kiwango cha B2, yaani cha juu ya kati, unaanzia A1 ambacho ni cha mwanzo kabisa, Dar es Salaam Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani cha lugha na utamaduni, wanafundisha. Kuna pia Ausbildung, unasomea uuguzi kule kule miaka mitatu huku unalipwa, ila kama diploma unayo tayari uliza kwanza kuhusu kutambuliwa cheti chako, usije ukarudia mwaka wa kwanza bure.