Umeishia darasa la saba, mwanao yuko kidato cha kwanza

Tangu shule zifunguliwe Januari, maswali mengi mnayoniletea yanahusu watoto waliotoka shule ya msingi ya serikali na kuingia sekondari. Nimechukua matano.

Shikamoo mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Nikifungua daftari lake naona Kiingereza kitupu, nalifunga. Nitamsaidiaje? (Mama, Morogoro)

Marahaba mama. Usilifunge. Binti yako amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu baada ya kozi fupi ya Kiingereza masomo karibu yote yamegeuka lugha. Kilichogeuka ni lugha, hesabu ni zile zile. Hiyo "BODMAS" iliyoandikwa juu ya ukurasa ni MAGAZIJUTO uliyoimba wewe: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. "Prime number" ni namba tasa. "L.C.M." ni KDS, kigawe kidogo cha shirika.

Basi jioni mkiwa mnachambua mchicha, mwambie, "Hebu nitafutie KDS ya 12 na 18." Atachora mstari wake, atagawa kwa 2, tena kwa 2, kwa 3, tena kwa 3, azidishe apate 36. Mwulize kwa nini alianza na 2. Akishakueleza kwa Kiswahili, akuoneshe inavyoandikwa kwa Kiingereza na akusomee kwa sauti. Hapo yeye ndiye mwalimu, na utashangaa anavyoketi wima.

Nimefundisha hisabati miaka mingi. Mwanafunzi aliyenitia wasiwasi kuliko wote ni yule aliyekariri maelezo ya Kiingereza neno kwa neno, lakini ukimwuliza maana yake kwa Kiswahili, kimya. Mtoto anayesimama kwenye mgomba wa nyuma ya nyumba akakueleza jani linavyotumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kujitengenezea chakula, huyo ameshaelewa. Limebaki neno "photosynthesis" tu, na hilo atalizoea.

Ukipata hela kidogo, nunua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kabla ya kitu kingine chochote. Hata iliyotumika inafaa.

Mwalimu, kijana wangu alikuwa wa tatu darasa la saba. Mtihani wa kwanza wa sekondari kapata 38 kwenye Jiografia. Nimemgombeza sana. Nimtafutie tuisheni? (Baba, Tabora)

Baba, kabla ya tuisheni, mwombe akuletee karatasi yenyewe ya mtihani. Nafasi na alama hazikuambii kitu. Angalia alipokosa na alipoacha wazi. Mara nyingi sana utakuta maswali ya kuchagua amejitahidi, ya kuandika yako meupe. Huyo siyo mvivu, hakuelewa ameulizwa nini. Nimewahi kumsomea mwanafunzi swali lile lile kwa Kiswahili, akajibu pale pale bila kusita.

Chukueni kipande cha boksi, muandike maneno yanayoanzisha maswali: "state" na "mention" ni taja, "explain" ni eleza, "differentiate" ni tofautisha, "calculate" ni kokotoa. Kibandikeni anapoweka daftari zake. Kila siku mwulize mawili.

Tuisheni ni nzuri kama kuna mtu anayemsahihishia kazi yake. Ile ya watoto themanini kwenye chumba kimoja wakinakili ubaoni, hapana, heri abaki nyumbani alale. Na hayo maneno uliyomgombezea, rudi umwambie kwamba sasa umeona tatizo liko wapi. Anahitaji kulisikia kutoka kwako.

Binti yangu anarudi saa kumi na moja jioni, anachota maji, anapika, anaogesha wadogo zake. Akikaa kusoma anasinzia. Nifanyeje? (Mama, Shinyanga)

Mama yangu, kazi za nyumbani hazimalizwi na mtu mmoja. Kama ana kaka, kaka naye achote maji. Mpe binti nusu saa moja isiyoguswa, kabla giza halijaingia, hata kama ugali utachelewa. Akianza kusinzia mwache alale, umwamshe mapema kidogo asubuhi. Kumkalisha mezani mpaka saa tano usiku akiwa amechoka hakuna faida.

Anasema anataka simu ya kusomea. Nimpe? (Mzazi, Mbeya)

Ya kwake mwenyewe, bado. Atumie ya kwako, sebuleni, kwa muda mliokubaliana. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni na kuvisoma ni bure, kwa hiyo kama shuleni kitabu kimoja wanagawana watano, hapo simu yako inasaidia kweli.

Nahudhuria vikao vyote vya wazazi. Tunazungumzia michango ya chakula na madawati, tunaondoka. Nimwulize nini mwalimu? (Baba, Tanga)

Ahsante kwa kuhudhuria. Kikao kikiisha usikimbilie bodaboda. Mtafute mwalimu wa darasa, umtajie jina la mwanao, kisha umwulize: Anakaa wapi darasani, na ubao anauona? Anauliza maswali au ananyamaza? Somo gani limemshinda, na ni mada ipi hasa? Hilo la mada usiliachie njiani. Ukiambiwa "hisabati", huna pa kuanzia. Ukiambiwa "sehemu", nyumbani kuna chungwa na kisu.

Mwombe pia akuambie mapema kuhusu Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, maana wazazi wengi hushtukia umefika. Mitihani ya miaka iliyopita inapatikana kwenye steshenari nyingi. Anza naye likizo ya Desemba, swali moja kwa siku, akikueleza kila hatua kwa Kiswahili kwanza.